Kesi ya Mshairi Aliyeshika Bunduki

 

Leo tunaingia mahakamani. Mshtakiwa ni mshairi, na ni marehemu. Anashtakiwa kwa namna alivyokufa: aliweka kalamu chini, akashika bunduki, akauawa akiwapigania watu wa kwao, hali kipaji alichopewa kilikuwa amana ya walimwengu wote. Mahakama yenyewe haiko duniani. Iko katika akhera ya Waafrika, ambako wafu wa bara hili wanaishi, wanajadiliana na kuhukumiana. Wakili wa utetezi ni Mswahili kutoka Kenya, anaitwa Hamisi. Upande wa mashtaka unaongozwa na Mghana, Apolo-Gyamfi.

Hayo yamo katika riwaya iitwayo The Trial of Christopher Okigbo, iliyotolewa na Heinemann mwaka 1971 katika mfululizo wake wa vitabu vya waandishi wa Afrika. Aliyeiandika ni Ali Mazrui, ambaye wakati huo alikuwa profesa wa sayansi ya siasa pale mlimani Makerere, hapa Kampala. Alizaliwa Mombasa, na baba yake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Profesa huyo aliandika vitabu vingi vya siasa na utamaduni, lakini riwaya aliandika hiyo moja tu. Na mtoto wa kadhi alipoandika riwaya moja, akaandika kesi.

Mshtakiwa hakubuniwa. Christopher Okigbo alikuwa Mwigbo wa Ojoto, mashariki ya Nigeria. Babu yake alikuwa kuhani wa Idoto, mungu wa kike wa mto wa kijijini kwao. Yeye mwenyewe alisoma Kilatini na Kiyunani katika chuo cha Ibadan. Mashairi yake ni machache, yote yanaenea katika kitabu kimoja chembamba, lakini ukiwauliza wajuzi ni nani washairi wakubwa wa Afrika waliotumia Kiingereza katika karne ya ishirini, hawamwachi nje. Mwaka 1967, akiwa meja katika jeshi la Biafra, sehemu ya mashariki iliyojitenga na Nigeria, aliuawa karibu na mji wa chuo kikuu wa Nsukka. Riwaya ilipotoka, marafiki zake walikuwa bado wanaomboleza.

Sasa mtu wa Kampala atauliza: sisi kesi hiyo yatuhusu nini? Yatuhusu kwa sababu mshtakiwa alipita hapa kwetu, na maneno aliyoyasema hapa ni sehemu ya ushahidi.

Mwezi Juni 1962, miezi minne kabla ya bendera ya Waingereza kuteremshwa, Makerere ilipokea mkutano wa waandishi wa Afrika wanaoandika kwa Kiingereza. Kutoka Nigeria walikuja Chinua Achebe, Wole Soyinka, J. P. Clark na huyo Okigbo. Walikuwapo Ezekiel Mphahlele na Lewis Nkosi wa Afrika Kusini. Alikuwapo Langston Hughes, mshairi Mweusi wa Marekani. Na alikuwapo mwanafunzi wa hapo hapo Makerere aliyeitwa James Ngugi, amebeba mswada wake akitafuta mkubwa wa kuusoma. Huyo ndiye tuliyekuja kumjua kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o. Katika mkutano huo Okigbo anakumbukwa kwa kauli moja. Alisema yeye hawasomei mashairi yake watu wasio washairi.

Ukiyasikia maneno hayo leo, utasema ni majivuno ya kijana. Lakini hakuwa akitania. Mashairi yake ya siku zile yalikuwa kama alivyosema. Yanaanzia mtoni kwa Idoto, yanapita kwenye ibada ya Kikatoliki, yanagusa ngano za Babeli na za Wayunani, na hayamsubiri msomaji aliyechelewa. Kampala ilikuwa mojawapo ya miji ya kwanza kuyachapisha. Rajat Neogy, mzaliwa wa mji huu, alikuwa ameanzisha jarida la Transition mwaka 1961, na kazi za Okigbo zikawa zinatoka humo. Baadaye Okigbo akawa mhariri wa jarida hilo upande wa Afrika Magharibi.

Je, ushairi huo mgumu, ushairi wa mlango uliofungwa, aliupata wapi? Hapo ndipo tunapokutana na vita, tena vita vya watu wengine.

Turudi nyuma hadi mwaka 1914. Vijana wa Uingereza walikwenda vitani wakiimba, na washairi wao walikuwa na beti zilizopangika na maneno makubwa: heshima, kafara, taifa. Mahandaki yakayachosha maneno hayo. Tarehe 1 Julai 1916, siku ya kwanza ya mapigano ya Somme kule Ufaransa, jeshi la Waingereza lilipoteza zaidi ya watu elfu 19 waliokufa siku hiyo hiyo. Aliyeyaona hayo hakuweza tena kuandika kama alivyoandika juzi. Wilfred Owen, ofisa kijana katika mahandaki, aligeukia vina vilivyopinda, vinavyokaribia kulingana lakini vinakataa kulingana, na msomaji anabaki na kitu kinachomkwaruza sikioni. Sisi tuliokulia kwenye vina na mizani tunaelewa upesi maana ya kitendo hicho. Mtu anapokiharibu kina kwa makusudi, anatuambia kwamba jambo fulani katika dunia yake limeharibika. Owen aliuawa tarehe 4 Novemba 1918, wiki moja kabla ya mizinga kunyamaza. Alikuwa na umri wa miaka 25.

Wapo waliokaa London na vita vikawafuata huko huko. T. S. Eliot, Mmarekani aliyehamia Uingereza, alikuwa karani katika benki ya Lloyds. Hakuwahi kuona handaki. Lakini rafiki yake Mfaransa, Jean Verdenal, aliuawa Dardanelles mwaka 1915, na Eliot akamtunukia kitabu chake cha kwanza. Mwaka 1922 akatoa The Waste Land. Ni shairi lisilo na msemaji mmoja: sauti zinakatizana, lugha zinachanganyika, ngano za kale zimelala vipande vipande, na sehemu ya mwisho ngurumo inanena kwa Kisanskriti. Mwaka huo huo Virginia Woolf alitoa riwaya ya Jacob's Room, ambamo kijana anakufa vitani na vita vyenyewe havionyeshwi. Tunaonyeshwa chumba na viatu alivyoviacha. Miaka mitatu baadaye, katika Mrs Dalloway, akatuonyesha Septimus, askari aliyerudi mzima wa mwili na akili imevunjika, hata akajirusha dirishani.

Tuwe waangalifu hapa. Vita havikuuzaa usasa, yaani uandishi huo wa vipande vipande, katika fasihi ya Kiingereza. Eliot na mwenzake Ezra Pound walikwisha kuanza majaribio yao kabla ya 1914. Ila vita viliwapa hoja. Kabla ya Somme, mtu aliyeandika shairi la vipande vipande aliulizwa kwa nini. Baada ya Somme, aliyeandika shairi zima ndiye aliyepaswa kueleza.

Na vita hivyo vilipiganwa hapa kwetu pia. Askari wa King's African Rifles, wakiwamo vijana wa Uganda, walimkimbiza Jenerali von Lettow-Vorbeck wa Ujerumani kutoka Tanganyika hadi Msumbiji, na hakusalimu amri hadi tarehe 25 Novemba 1918, huko Abercorn, wiki mbili baada ya Ulaya kuwa imekwisha kupiga kengele za amani. Wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Hakuna Eliot aliyewaandikia. Walibaki katika nyimbo za safari, katika hadithi za wazee, na katika jina la Kariakoo ya Dar es Salaam, ambalo leo wengi hulitaja wakienda sokoni bila kuwakumbuka wapagazi waliopiga kambi pale.

Basi usasa ulipopanda mlima wa Makerere na kuingia Ibadan katika miaka ya 1950, uliingia kama mtaala. Vyuo vyote viwili vilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London, na mitihani ilikuwa ya London. Vijana wa Kiafrika waliyasoma majonzi ya Ufaransa kama mbinu za uandishi, wakaulizwa maswali, wakapewa alama. Okigbo alikuwa mwanafunzi wa lugha za kale, lakini Eliot na Pound aliwasoma kwa hiari yake mwenyewe, akawapenda, akajifunza kwao namna ya kukata na kuunga. Kwa maneno mengine, alivaa kovu kabla ya kupata kidonda.

Silisemi hilo kwa kumdharau. Aliyoyatia katika umbo hilo yalikuwa yake: mto wa kwao, kuhani wa ukoo, ndoa ngumu kati ya kanisa na tambiko. Lakini ule ugumu wenyewe, ile haki ya mshairi kutoeleweka, ilikuwa imelipiwa na watu wengine mahali pengine.

Kisha kidonda kikaja. Tarehe 15 Januari 1966 maofisa vijana wa jeshi la Nigeria walipindua serikali. Miezi iliyofuata ilileta mapinduzi ya pili, na maelfu ya Waigbo wakauawa kaskazini. Kati ya mwisho wa 1965 na katikati ya 1966 Okigbo aliandika mashairi yake ya mwisho, Path of Thunder, na chini ya jina hilo akaandika kwamba ni mashairi ya kutabiri vita. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote katika habari hii. Mshairi aliyesema Kampala kwamba hawasomei wasio washairi akafungua mlango. Akachukua ngoma. Akachukua mtindo wa majigambo na wa maombolezo ya kwao. Akawataja viongozi kwa mafumbo ambayo mtu yeyote wa Lagos au Enugu aliweza kuyafumbua. Akajitaja mwenyewe kwa jina, akiwa katika kazi ya mpiga mbiu wa mji. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na mpiga mbiu hachagui masikio.

Tazameni njia zilivyopishana. Vita viliwatoa washairi wa Ulaya kwenye beti zilizo wazi vikawaingiza kwenye vipande na mafumbo. Vita vilimtoa Okigbo kwenye mafumbo vikamleta barazani. Hata ngurumo zao ni mbili. Ya Eliot inakuja mwisho, dunia ikiwa imekwisha kukauka, na inanena kwa lugha ya mbali ambayo shairi linalazimika kuieleza. Ya Okigbo inakuja mwanzo, mvua haijanyesha, na inawaambia walio nje waingie ndani.

Hawakuingia. Biafra ilitangazwa tarehe 30 Mei 1967, na mwezi wa saba risasi zikaanza. Okigbo na Achebe walikuwa wameanzisha kampuni ndogo ya uchapishaji huko Enugu, kwa nia ya kutoa vitabu vya watoto. Okigbo akaiacha, akaenda mstari wa mbele. Haikuchukua miezi mingi.

Na wale waliokaa naye Makerere mwaka 1962? Vita viliwatawanya. Achebe akawa mjumbe wa Biafra, akizunguka nchi za nje kuomba msaada. Soyinka alikwenda kuonana na viongozi wa Biafra ili kuzuia mapigano, serikali ya Nigeria ikamtia kizuizini kuanzia 1967 hadi 1969, sehemu kubwa peke yake katika chumba. Baadaye akaandika kitabu juu ya kifungo hicho. J. P. Clark alibaki upande wa serikali kuu, na mwaka 1970 akatoa mashairi ya vita hivyo hivyo, Casualties, ambamo anawalilia marafiki wa pande zote mbili. Kampala nayo haikuachwa nje. Tanzania iliitambua Biafra mwezi Aprili 1968, na mwezi uliofuata wajumbe wa pande mbili wakaja hapa mjini kwetu, kwenye mazungumzo ya amani yaliyofunguliwa na Rais Obote. Walikaa siku chache, wakaondoka bila mapatano, na vita vikaendelea hadi Januari 1970.

Mazrui aliyatazama hayo yote kutoka Makerere, akafungua kesi yake. Swali lake ni hili: je, msanii mkubwa ana ruhusa ya kufa kama mtu wa kawaida? Apolo-Gyamfi anadai kwamba hana. Kwa hoja yake, mshairi anayejitoa kafara kwa ajili ya taifa amewaibia walimwengu, maana askari anaweza kuzibwa pengo na askari mwingine, lakini Okigbo hakuna wa kumziba. Hamisi anatetea kwa bidii, na Profesa hakumpendelea yeyote. Kila wakili amepewa hoja nzito. Hukumu sitaitaja. Kitabu kipo maktaba, na kesi haifurahishi ukiambiwa mwisho wake.

Nina ugomvi mmoja tu na Marehemu Profesa, Mungu amrehemu, na ninauleta kwa heshima. Nadhani alizichanganya kesi mbili.

Nianze na nyumba yake mwenyewe. Watu wa ukoo wa Mazrui walikuwa watawala wa Mombasa hadi mwaka 1837, Seyyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, alipowang'oa. Katika miaka ile ya vita mji ulikuwa na mshairi, Muyaka bin Haji. Muyaka aliimba mapenzi, akaimba njaa, akaimba fedha na madeni, na maadui walipokaribia bandarini akaimba vita, akiwachochea watu wa mji wake na kuwakejeli wa Lamu na wa Unguja. Hakuna aliyemwuliza kwa nini sanaa yake ameitia katika ugomvi wa mji. Mshairi alikuwa mtu wa mtaani mwenye ulimi kuliko wenzake, na ulimi huo ulidaiwa kazi siku ya shida. Swali walilomwuliza lilikuwa jingine: umesema nini, na umekisema vipi? Ndiyo maana tungo zake ziliwekwa vifuani mwa watu hadi zikaandikwa.

Hali kadhalika Shaaban Robert. Vita vya pili vya dunia vilipotokea, naye akiwa mtumishi wa serikali huko Tanganyika, alivitungia utenzi mrefu, Utenzi wa Vita vya Uhuru, wa kuanzia 1939 hadi 1945. Hitler yumo, Mussolini yumo, mataifa yote yamo, na kila ubeti una vipande vinne vya mizani minane. Dunia iliyovunjika haikuvunja utenzi wake. Mtu anaweza kusema umbo hilo lilikuwa zee kwa vita vipya kama vile, na hoja hiyo ina uzito. Yapo mambo ya mwaka 1945 ambayo mizani minane inayapitia upesi mno. Lakini nataka mkumbuke jambo moja. Shaaban Robert alifariki Juni 1962, mwezi ule ule wa mkutano wa Makerere. Hakualikwa. Mkutano ulikuwa wa waandikao kwa Kiingereza, naye hakuwa mmoja wao. Ukumbini walijadili kama kuna fasihi ya Afrika, na mtu aliyekuwa amevisimulia vita vya dunia nzima kwa Kiswahili akazikwa mwezi huo huo upande wa pili wa mpaka.

Kwa mizani ya Muyaka, basi, kesi ya Okigbo ni mbili. Ipo kesi ya mtu na bunduki yake: alikuwa na haki ya kupigana vita vile au hakuwa nayo? Kesi hiyo ni ya kila askari wa Biafra na kila askari wa Nigeria, mwalimu, fundi, mkulima, na ushairi haumwongezei mtu dhambi wala thawabu. Na ipo kesi ya mshairi na maneno yake. Hiyo ndiyo inayowahusu wasomaji, na ushahidi wake uko kwenye karatasi.

Msidhani kesi ya pili ni nyepesi. Mwalimu wa Okigbo kwa mbali, Ezra Pound, aliyeupigania usasa kuliko wengine wote, alikaa Italia wakati wa vita vya pili na kuzungumza katika redio ya Roma kwa niaba ya utawala wa Mussolini, akiwatukana Wayahudi na kuwakejeli Wamarekani wenzake. Hakumpiga mtu risasi. Alisema tu, kwenye maikrofoni kama hii iliyo mbele yangu. Mwaka 1943 akashtakiwa kwa uhaini. Mwaka 1945 jeshi la Marekani likamweka katika tundu la chuma karibu na Pisa, na humo kambini akaandika mashairi ambayo yalimpatia tuzo kubwa mwaka 1949, mwenyewe akiwa amefungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili huko Washington. Alitoka mwaka 1958. Mshairi huyo anahukumiwa hadi leo kwa maneno yake, na ni haki, kwa sababu maneno hayo yaliwakabidhi watu kwa wauaji.

Okigbo akipimwa kwa kipimo hicho hicho, anatoka na nini? Anatoka na mashairi yaliyoona moto kabla ya moshi, na yanayowaonya wenye madaraka wa pande zote. Hayamtumi mtu kwenda kuua. Bunduki aliishika baadaye, na aliibeba yeye mwenyewe, hakumbebesha shairi. Mimi nikiwa mzee wa baraza katika kesi hiyo, ningemwachia mshairi huru, nikamwambia Apolo-Gyamfi akafungue shauri la askari katika mahakama ya askari.

Sasa turudi nyumbani, maana Uganda ina Okigbo wake na hatumtaji inavyostahili. Robert Serumaga alisoma uchumi Dublin, akarudi Kampala katika miaka ya 1960 na tamthilia zisizofanana na za mtu mwingine mjini. Riwaya yake Return to the Shadows, ya mwaka 1969, inahusu mapinduzi ya kijeshi, na ilitoka miaka miwili kabla ya Idi Amin kupindua serikali, Januari 1971. Ni Path of Thunder kwa namna yake. Amin aliposhika nchi, maneno yakawa hatari. Byron Kawadwa, aliyeongoza Jumba la Taifa la Michezo hapa mjini, aliuawa mwaka 1977. Serumaga yeye aliyapunguza maneno jukwaani. Katika Renga Moi akaweka ngoma, miili, kilio na lugha kadhaa za Uganda, na watazamaji wakaelewa bila mtu kutamka jambo la kumtia kitanzini. Wasomi wa nje waliita usasa, wakamlinganisha na wakubwa wa Ulaya. Wa Kampala walijua kwamba mtu akishikwa koo huongea kwa mikono. Kisha mwaka 1979 naye akajiunga na waliokuja kumng'oa Amin, akawa waziri katika serikali fupi ya Yusuf Lule, na mwaka uliofuata akafariki Nairobi. Hakuna profesa aliyemfungulia kesi akhera. Labda ni kwa sababu hatujamsoma vya kutosha hata tuone cha kumshtaki nacho.

Na kizazi kilichofuata kimepata njia yake. Goretti Kyomuhendo, mmoja wa waanzilishi wa Femrite, chama cha waandishi wanawake hapa Kampala, alitoa mwaka 2007 riwaya ya Waiting, juu ya siku za mwisho za Amin huko Hoima. Virginia Woolf aliviweka vita nje ya chumba. Kyomuhendo ameviweka nje ya shamba la migomba. Familia inalala nje usiku, mama ana mimba pevu, msichana anatega sikio kama wanajeshi wanaokimbia watapita kwao. Sehemu kubwa ya kitabu ni kungoja, na aliyeishi 1979 anajua kwamba huko ndiko vita viliko kwa raia. Sentensi zake ni fupi na wazi, mtoto wa sekondari anazisoma. Ameufikia ule uwazi wa Okigbo wa mwisho bila kupita kwenye milango iliyofungwa.

Nimebakiza jambo moja, na linatugusa sisi tunaozungumza lugha hii hewani. Vita vya Uganda vilipiganwa kwa Kiswahili. Kilikuwa lugha ya King's African Rifles, kikawa lugha ya jeshi la Amin, na wazee wengi wa Buganda hadi leo wakikisikia wanakumbuka kizuizi cha barabarani na mtutu kwenye dirisha la gari. Mwaka 1979 waliokuja kuikomboa Kampala kutoka Tanzania nao walikizungumza, kwa hiyo lugha moja ilibeba kisago na ukombozi pamoja. Leo Katiba yetu inakitaja kuwa lugha rasmi ya pili. Lakini ukienda kutafuta riwaya au diwani ya Mganda inayosimulia vita hivyo kwa Kiswahili, utachoka rafuni. Amri zilitolewa kwa Kiswahili. Kilio kiliandikwa kwa Kiingereza na Kiluganda.

Okigbo alipoona vita vinakuja, aliiendea ngoma ambayo watu wake walikuwa na masikio nayo. Waganda wengi wana masikio na Kiswahili, kwa heri na kwa shari. Wanakijua kwa sababu kiliwahi kuwaamrisha walale chini. Mtu aliyeambiwa kwa lugha fulani alale chini ana haki ya kusimulia kwa lugha hiyo hiyo jinsi alivyoinuka. Akitaka vina na mizani kama Shaaban Robert, atumie. Akitaka vipande vilivyokatika, avikate. Waandishi vijana wanaonisikiliza wa Gulu, wa Luwero, wa Masaka na wa hapa mjini, kazi hiyo iko wazi, na hakuna mahakama ya akhera itakayowahukumu kwa kuifanya. Ikiwepo ya kuuliza, itauliza kwa nini mlichelewa.